Mlangilangi wa Nyamvula

Asubuhi ya mwisho haikuwa na alama. Nyamvula aliamka kabla ya jua kama kawaida yake, akawasha jiko, akabandika chai, akatoka na kikapu kwenda kuchuma maua. Kiponda, mumewe, alikuwa bado kitandani, na kupitia dirishani alimsikia akizungumza na mti. Yalikuwa mazoea yake. Akishika tawi huliambia, "Nipe mkono." Akimaliza huliambia, "Haya, nenda." Kiponda alijigeuza upande wa ukuta akalala tena. Maneno hayo aliyasikia miaka kumi na minane, na mtu hategi sikio kwa kitu anachojua atakisikia kesho.

Walikunywa chai kwenye kizingiti, kwa muhogo wa kuchemsha. Mzungumzaji alikuwa Nyamvula. Alisema Ruth, binti yao, amepiga simu kutoka Voi na anawasalimu. Alisema mbuzi wa jirani wamezidi ukorofi. Alisema arusi ya Hadeel, mjukuu wa Bi Suad, imekaribia, na maua ameshayaahidi. Kiponda aliitikia "mm" penye kuitikia. Mwisho akamwambia kwamba tawi la upande wa timbo la mawe limeanza kuinua kichwa, linataka jiwe, kubwa kupita ngumi kidogo.

"Kesho," Kiponda akasema.

"Kesho yako naijua. Ina mvi."

Akacheka peke yake, akajifunga leso, akachukua ndoo kwenda kwa jirani kuomba mavi ya mbuzi ya kutia shinani. Saa nne akaletwa juu ya mkokoteni, watu wanne wakisukuma. Alikuwa hai, ila mdomo umekwenda upande na sauti haitoki. Wakampakia kwenye tuktuk. Tuktuk ilipofika lami alikuwa ameshakwenda.

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyekaa na mwenzake miaka arobaini na mitano huirudia asubuhi ya mwisho akitafuta neno la kushika. Kiponda alitafuta, akapata kesho yenye mvi.

Nyamvula alizaliwa Ganze, mwaka ambao mvua iligoma mpaka siku aliyozaliwa. Ndipo akapewa jina la mvua. Shule hakwenda. Alipopata akili ya kubeba mtoto mgongoni, shangazi yake alimleta mjini kwa Bi Suad, katika ukoo wa Waswahili wa Mji wa Kale waliokuwa wakiuza nguo. Kazi yake ilikuwa kumlea Basma, binti wa Bi Suad, na kufagia ua. Katika ua ule palikuwa na mti mmoja, mlangilangi.

Ua la langilangi halina sura. Ni vidole virefu vya kijani vilivyojikunja, vinaning'inia chini kama kitu kilichosahauliwa na jua. Asiyelijua hulipita. Lakini likingojwa hugeuka manjano, na likishageuka manjano harufu yake humfuata mtu mpaka chumbani, hata akifunga mlango. Bi Suad alimfundisha yule msichana kulichuma alfajiri kabla ya jua kulipiga, na kulitia katika kikuba pamoja na asumini na rehani, vyote vimefungwa kwa uzi, bibi arusi avae kifuani. Basma alipoolewa, Nyamvula ndiye aliyetunga kikuba chake. Wakati huo yeye mwenyewe ameshaolewa na Kiponda, bila kikuba wala ua.

Kiponda alikuwa mchonga mawe. Alikutana naye alipopeleka mawe ya kukarabati nyumba ya Bi Suad. Safari ya kwanza alishusha mawe akamtazama. Ya pili alishusha mawe akamtazama. Ya tatu vilevile. Safari ya nne msichana akatua ufagio akamwuliza, mbele ya wapagazi wenzake, "Kwani wewe hulipwa kwa kunyamaza?" Wapagazi wakacheka mpaka wakakaa chini. Baada ya mwezi Kiponda alituma wazee Ganze kuposa.

Akamhamishia Mwakirunge, kando ya timbo, hapo mawe ya kujengea yanapokatwa. Siku hizo kulikuwa pori na watu wachache. Wakajenga. Wakazaa watatu, akakua mmoja, Ruth. Nyamvula alilima kunde penye udongo, na udongo ulikuwa mahali pachache. Kwingine ni mwamba wa matumbawe, jembe likigusa hulia.

Kisha likaja jaa. Malori ya taka ya mji yakaanza kupita, na upepo ukiwa wa upande ule, chakula hakiliki. Majirani wengine wakahama. Kiponda hakuhama kwa sababu kazi ilikuwa hapo, na kwa sababu kuhama ni maneno mengi. Nyamvula hakugombana naye. Alikwenda kwa Bi Suad akaomba matunda ya mlangilangi, yale meusi madogo kama zambarau changa. Alikwenda kwa wakati, maana mwaka uliofuata ukoo ule uliuza nyumba, ukahamia Kisauni, na mwenye kununua akaukata mti ajenge ghorofa.

Jirani alipomwona akipanda mbegu katika mikebe, akamwuliza ni za nini. Akaeleza. Kwa wiki nzima, mabomba ya maji yalipofunguliwa na wanawake kukusanyika na mitungi, hapakuwa na hadithi ila hiyo. Nyamvula anataka kulipaka jaa marashi. Mmoja akamwuliza kama atalitia na wanja. Nyamvula akawaambia wanja ataanza na wao.

Mbegu za kwanza zilioza zote. Za pili alizimwagia maji ya moto, akaziacha zilale humo mpaka asubuhi, akazipanda, akangoja. Mwezi ukapita. Wa pili ulipokuwa unakatika zikachipua mbili. Mche mmoja ukaliwa na mbuzi. Akabaki na mche mmoja, akaukalia macho kama mgonjwa.

Mti huo una mzizi mmoja mrefu unaoshuka kama msumari, hautaki kukunjwa. Ukigonga mwamba ukiwa mchanga, hudumaa. Nyamvula akamwonyesha mumewe mahali, hatua sita kutoka mlangoni, penye jua la kutwa na ukuta wa kuukinga na upepo. Kiponda akachukua mtaimbo na sururu. Siku sita alikata mawe ya watu, ya saba akakata shimo la mkewe. Jumapili nne. Alipomaliza, alisimama ndani yake na mwamba ukamfikia kifuani. Nyamvula akalijaza kwa udongo mwekundu aliobeba kichwani kutoka ng'ambo ya barabara, majani ya mkorosho yaliyooza, na mavi ya mbuzi, akapanda. Kiponda hakumnunulia pete maishani. Alimkatia shimo.

Mche ulipopita kimo cha mtu aliyeinua mkono, Nyamvula akaukata kilele. Kiponda alidhani amechoka nao. Nyamvula akamweleza kwamba mlangilangi ukiachiwa huenda juu kama mnara, na maua yake huchumwa na kunguru. Mwenye kutaka kuchuma huukata kichwa, kisha huyashusha matawi kwa uzito, kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, mpaka yakaja mkononi. Nguvu haitakiwi. Mti wenyewe una mifupa ya biskuti.

Akamwomba mawe. Kiponda akayachonga, akayatoboa katikati kwa patasi, mengine kama yai, mengine kama ngumi, mengine kama kichwa cha mtoto. Kamba za nailoni zilikuwa zinakata gome. Basi Nyamvula akatoa kisutu chake cha arusi, ile leso nyekundu, nyeupe na nyeusi ambayo ilikuwa imechakaa, akaichana vipande vipande, akafungia mawe. Miaka ilivyokwenda mawe yakafika kumi na manne. Mti ukawa mpana kama mwavuli, na Nyamvula, aliyekuwa mfupi, akichuma amesimama chini.

Harufu yake ilikuwa ya alfajiri. Upepo ukiwa haujaamka, nyumba ile na njia ile zilinukia arusi. Jua likipanda, jaa hushinda. Lakini watu waliokwenda kuokota vyuma jaani walianza kupunguza mwendo wakifika penye ua wao, na wale wanawake wa mabombani wakawa hawasemi tena habari za wanja. Nyamvula alipeleka maua Kongowea kwa wanawake wanaotunga vikuba, na kwa Bi Suad hakuacha kwenda. Walikuwa wakikaa kitanda kimoja wakizungumza mpaka adhuhuri. Kiponda hakuwahi kuuliza wanazungumza nini.

Basi akafa, na hanga, matanga ya kwao, likawekwa pale nyumbani, watu wakaja kutoka Ganze. Aliyewaongoza ni Kahindi, kaka yake Nyamvula, mzee mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Kahindi alikuwa hajafika Mwakirunge miaka mingi. Aliingia uani, akavua kofia, na kabla hajafika mlangoni akasimama. Aliona mti umetundikwa mawe. Kila jiwe limefungwa kitambaa, na kitambaa ni chekundu, cheupe na cheusi. Rangi tatu hizo kwa mtu wa kwao si nguo. Ni vitambaa vya mganga.

Dada amekufa ghafla, mdomo umepinda, na nje ya mlango wake kuna mawe kumi na manne yaliyovikwa rangi za uganga. Kahindi hakuhitaji kuambiwa na mtu. Akasema ni fingo, dawa ya uchawi, dada ametegewa. Wazee wenzake wakatazama, wakatikisa vichwa. Wakaitisha panga.

Kiponda alikuwa ndani, ameketi mkekani kando ya maiti. Alisikia kila kitu. Alisikia kitambaa kikikatwa na jiwe kudondoka, pu. Kisha la pili. Alijua sauti ya kila moja, maana ni yeye aliyeyatoboa. Lilikuwa jambo la kunyanyuka na kusema, "Hayo ni ya kushushia matawi, nimeyachonga mimi." Maneno hayo hayafiki kumi. Aliona kwamba akifungua kinywa hayatatoka hayo, kitatoka kilio, na kilio cha mume mbele ya wakwe kilikuwa kitu ambacho hajawahi kukifanya. Akabaki mkekani. Mawe kumi na manne yakaanguka, yakabebwa kwa karai, yakatupwa katika timbo la zamani lililojaa maji. Kahindi akaingia ndani akamwambia, "Tumekusafishia, mulamu." Mulamu ni shemeji kwa lugha ya kwao. Kiponda akaitikia, "Mm."

Hanga likaisha, watu wakaondoka. Ruth alikaa wiki moja, akamtaka baba yake waende Voi. Baba akasema atafikiri. Ruth akarudi kwa watoto wake.

Nyumba ikabaki na mtu mmoja. Kiponda akawa anabandika chai ya watu wawili kwa mkono uliozoea, kisha anaimwaga ya pili. Redio aliiwasha akaizima. Kutwa nzima huenda asitoe neno, na jioni akisalimiwa na mpita njia, sauti yake mwenyewe ilimshtua.

Mti ulikuwa umefunguliwa kama mbuzi waliokatwa kamba. Matawi makubwa yalibaki yameinama kwa mazoea, lakini machanga yaliinuka siku zile zile, na mvua ya mwaka ilipoanza, vichipukizi vyote vikaelekea juu. Maua yakafuata vichipukizi. Alfajiri harufu ilishuka kutoka juu, na chini hapakuwa na cha kushika.

Bi Suad alikuja kumpa mkono wa tanzia. Ni mkongwe, miguu imevimba, aliletwa na gari mpaka penye ua. "Makiwa, mzee Kiponda." "Tunayo, Bi Suad." Akaketi, akalia kidogo, akafuta macho kwa ukaya. Alipomaliza akautazama mti. Kiponda akakumbuka ile asubuhi na habari ya arusi. Bi Suad ndiye aliyeitaja. Alisema Nyamvula alimwahidi Hadeel maua ya kikuba na ya kitanda, na arusi ni Ijumaa ya tano kutoka sasa. Mti mwingine haujui, Mji wa Kale kilichobaki ni saruji. Lakini hakuja kudai. Alikuja kumfungua.

"Ahadi ya maiti haina mdai," akasema. "Tutatunga kwa asumini. Nawe usijitie mashakani."

Kiponda akautazama mti.

"Ataletewa," akasema.

Kesho yake alianza. Alichagua tawi lililobeba vitumba vingi, akapanda juu ya ngazi, akalishika kwa mikono miwili, akalivuta. Ilikuwa mikono ya timbo, iliyozoea, kitu kikikataa, kuongeza nguvu. Tawi likaja, likaja, likalia ta, likavunjika penye shina, na majani yake yote yakamfunika kichwa. Kiponda akashuka nalo. Akaketi nalo chini, limejaa vitumba vya kijani visivyonukia, akaketi mpaka jua likamtoa.

Siku mbili hakuugusa mti. Siku ya tatu, akiwa amelala macho alfajiri, akawa anamwona Nyamvula kama alivyomwona mara nyingi bila kutazama. Anashika tawi mbali na shina, si karibu. Anatia kiganja juu yake, hakazi vidole. Analishusha kiasi cha upana wa mkono, analishikilia, anazungumza nalo kwa muda wa kumeza mate mara kumi, analiachia. Hufanya hivyo asubuhi nyingi kabla ya kulitundika jiwe. Na jiwe la kwanza huwa yai, si ngumi.

Akaamka. Akafanya hivyo. Hakuliambia tawi kitu, alihesabu kimoyomoyo.

Mawe yalikuwa majini. Akatoa patasi na nyundo, akachonga mengine. Mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kutetemeka mwaka ule, na mawe mawili yalipasuka. Kwa vitambaa, alifungua sanduku la mkewe. Kipande kilichobaki cha kisutu kilikuwa humo, kimekunjwa. Alikikata mwenyewe kwa mkasi, akasikia vibaya, akaendelea.

Wiki ya tatu Kahindi akaja tena kutoka Ganze kuona hali ya shemeji yake. Alimkuta Kiponda juu ya ngazi akifunga jiwe kwa kitambaa chekundu, cheupe na cheusi. Akasimama pale pale aliposimama mwanzo.

"Mulamu," akasema polepole, "hata wewe?"

"Ni uzito," Kiponda akasema. "Tawi lishuke."

"Lishuke liende wapi?"

"Lije mkononi. Dada yako alikuwa mfupi."

Kahindi akasogea, akalishika jiwe, akaligeuza, akalitazama tundu lake. "Na yale ya kwanza, nani aliyatoboa?"

"Mimi."

Wakatazamana. Kuku alipita katikati yao. Kahindi akavua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Wewe ulikuwa ndani unasikia."

"Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

Kiponda akashuka ngazini, kidato kwa kidato. Akafika chini. "Ungenisikia?"

Kahindi akafikiri. Alikuwa mtu wa kelele lakini si mwongo. "Nisingekusikia," akasema. "Siku ile hata yeye mwenyewe angeamka akaniambia, ningemwambia lala. Nilijiona namtetea dada yangu. Kumbe nilikuwa naichana kazi yake." Akapangusa uso kwa kofia. Kisha akauliza ni tawi gani la kushika, na Kiponda akamwonyesha namna ya kutia kiganja. Kahindi akalishika kwa woga kama mtoto mchanga wa mtu mwingine. Walifunga mawe manne siku ile. Walikula ugali na mchicha, Kahindi akasimulia jinsi Nyamvula akiwa mdogo alivyompiga yeye, kaka yake, kwa mwiko kwa sababu ya kifaranga. Kiponda alikuwa hajaisikia hadithi hiyo. Akataka aulize nyingine, ila gari la Ganze halingoji. Kahindi akaenda zake.

Nyumba ilikuwa tupu zaidi ya kabla hajaja.

Ijumaa ya tano ikafika. Kiponda alitoka na kikapu wakati muadhini anamaliza. Matawi matatu yalikuwa yameshuka kiasi cha kufikika. Mengine yote yalikuwa juu, na juu ndiko kulikojaa. Akitazama kwa mwanga ule mdogo aliyaona maua ya manjano tele dhidi ya mbingu, yanacheza, na harufu inamwagika.

Alikuwa na panga, alilolichukua kukatia magugu. Alisimama nalo. Ni mapigo manne matano tu. Matawi yale yaliyosimama yangeanguka yote na maua yake, kikapu kingejaa na kingine kingejaa, Hadeel angetandikiwa kitanda kama mamake, Basma, alivyotandikiwa, na ahadi ya Nyamvula ingetimia kama alivyoitamka. Mti ungebaki kigutu. Labda ungechipua, labda usingechipua. Katika mvua pengo kama hilo huingia kuoza, hilo hata yeye alilijua. Lakini neno lilikuwa la Nyamvula, na yeye hayupo kulitimiza. Kiponda aliinua panga mpaka begani. Alitazama tawi la kwanza, akaona mahali panga lingeingia, na chini kidogo ya hapo akaona kovu la zamani, safi, limefunga kama kitovu, pale Nyamvula alipokata tawi moja kavu akalipaka udongo wa mfinyanzi.

Akaliweka panga chini ya ukuta.

Akachuma yaliyofikika. Ya kijani aliyaacha. Aligeuza kila ua, akatazama ndani penye kitako kama pameshika wekundu kidogo, lenye wekundu akalichukua, lisilo nao akaliacha liendelee. Yakatimia kumi na tisa. Yalifunika chini ya kikapu tu. Akayafunika kwa jani la mgomba lenye umande, akapanda pikipiki kwenda Kisauni, kikapu mapajani.

Nyumba ya arusi ilikuwa imejaa wanawake, masufuria na vicheko. Mzee mmoja akamwelekeza mlango wa uani. Bi Suad akatoka, akijikokota, akafunua jani. Kiponda alikuwa ameandaa maneno ya njia nzima, juu ya mawe na Kahindi na timbo. Akasema, "Ni haya tu."

Bi Suad akalitwaa moja, akaligeuza chini juu, akatazama penye kitako. Akatwaa la pili, la tatu. Hakutafuta idadi. Akamwuliza ya kijani yako wapi. Kiponda akasema ameyaacha mtini. Bi Suad akamwuliza nani alimfundisha kujua lililoiva, maana wajukuu zake mwenyewe hawalijui. Kiponda akasema hakuna aliyemfundisha.

Bi Suad akamwita Hadeel aje. Bibi arusi akaja amefunikwa, mikono ina hina, akainama kushika mkono wa mzee akasema shikamoo. Akayanusa maua, akafumba macho. Akasema kumi na tisa yatakaa katika kikuba chake yote, kitanda watakitandika asumini, na hakuna atakayemwambia vingine. Kisha akaitwa, akarudi ndani na kikapu.

Kiponda akaaga. Wakamtaka akae ale pilau, akasema kuna kazi nyumbani. Hapakuwa na kazi. Bi Suad akamsindikiza mpaka mlangoni kwa miguu yake mibovu, na pale mlangoni akamweleza jambo. Alisema mara ya mwisho Nyamvula alipokuja, walipokuwa wameketi kitandani wakipanga habari za arusi hii, yeye alimwuliza: sisi wazee, na kesho haina mwenyewe, je, ukiugua wewe siku hiyo nani atatuchumia? Nyamvula akajibu bila kufikiri, akicheka. Bi Suad akamwambia Kiponda jibu lenyewe, akalirudia mara mbili ili asipunguze wala asizidishe.

Alirudi Mwakirunge kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kikapu hana. Jua lilikuwa limepanda na upepo umegeuka, jaa linanuka. Alifungua mlango, akakaa kwenye kizingiti upande wake, upande wa pili pakawa pamebaki kama palivyo. Hakuna mtu wa kumwambia aliyoyasikia. Akajaribu kuyasema kwa sauti, peke yake, kama alivyoyasema Nyamvula:

"Atachuma Kiponda. Kusema hasemi, lakini kuona, anaona."